Kaka Mkubwa Ameachia, Dada Amepata Nini?

Mwaka 1999 yalitokea mambo mawili ambayo hayakuhusiana hata kidogo. Mwanzoni mwa mwaka, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Mwishoni mwa mwaka, tarehe 5 Novemba, ilitoka nchini India filamu iitwayo Hum Saath-Saath Hain, yaani "Tuko Pamoja" kwa Kiswahili chepesi. Walioandika sheria hawakuifikiria filamu, na waliotengeneza filamu hawakuwahi kuisikia sheria. Lakini sisi tuliokulia Hanga, ndani ndani huko Ruvuma, tulivipokea vyote viwili, na katika nyumba yetu vilikuja kukutana juu ya shamba moja la mahindi.

Nianze na filamu, kwa sababu ndiyo iliyotangulia kufika kijijini. Sheria ilichelewa njiani, kama ilivyo kawaida ya sheria.

Mwongozaji wa filamu hiyo ni Sooraj Barjatya. Kama uliwahi kuiona, unajua kwamba ni picha la Kihindi lisilo na adui. Hakuna bastola wala jambazi mwenye kovu usoni. Kuna familia tajiri yenye baba, mama, watoto wa kiume watatu na binti mmoja, nyimbo nyingi, harusi, safari ya pamoja na vicheko. Kaka mkubwa, Vivek, amezaliwa na mama mwingine aliyefariki; huyu mama wa sasa amemlea kama wake wa kumzaa. Prem, anayechezwa na Salman Khan, ni mpole mno. Vinod, anayechezwa na Saif Ali Khan, ni mtundu. Binti yao, Sangeeta, ameolewa.

Tatizo linaingia kupitia kwa huyo binti. Mume wake anafukuzwa kwenye mali ya familia na kaka yake mwenyewe. Mama anaingiwa na hofu: ikiwa ndugu wa damu wanafanyiana hivyo, wanangu watafanyiwa nini na huyu mkubwa ambaye sikumzaa? Marafiki zake wanaitia hofu hiyo mbolea. Mwishowe anadai mali igawanywe. Vivek hasemi neno. Anaachia kila kitu, anachukua mke wake na kwenda kuishi kijijini. Vinod anamfuata. Prem anakataa kukalia kiti cha kaka yake na kukubali kukishika kwa niaba yake tu. Mwishoni mama anajuta, kaka mkubwa anarudishwa, na ukumbi mzima unalia.

Anayeijua Ramayana atakuwa amekwisha kung'amua. Katika utenzi huo wa kale, Rama anapelekwa uhamishoni msituni kwa miaka 14 kwa sababu mama wa kambo anataka mwanawe, Bharata, arithi ufalme. Lakshmana anamfuata kaka yake. Bharata anakataa kutawala. Anaviweka viatu vya Rama juu ya kiti cha enzi na kuilinda nchi mpaka mwenyewe arudi. Barjatya alichukua kisa hicho akakivika suti na tai, akakipeleka kwenye ofisi ya kampuni ya familia.

Kwa nini kisa cha namna hiyo kiliwaliza watu wa Hanga ambao hawakuwa na kampuni, wala habari za Ramayana hawakuzijua?

Jibu rahisi ni kwamba filamu za Kihindi zina historia ndefu kwetu. Zanzibar ilikuwa na jumba la sinema la kudumu, Royal, tangu mwaka 1921. Katika miaka ya 1950 filamu ya Awara ya Raj Kapoor iliwashika watu wa pwani kiasi kwamba nyimbo zake ziliimbwa na wasiojua neno moja la Kihindi, na taarabu ikazikopa sauti zake. Mombasa, Juma Bhalo alijenga jina kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi. Dar es Salaam kulikuwa na Empire, Avalon, Empress na Odeon, na kuanzia mwaka 1966 kukawa na sinema ya kutazamia ndani ya gari. Mwaka 1968 Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania. Siasa ilibadilika, lakini watazamaji waliendelea kupanga foleni.

Tena, filamu zilizodumu katika kumbukumbu za watu zilikuwa za ndugu. Mother India ya mwaka 1957 ni habari ya mama na wanawe wawili, mmoja mtiifu na mwingine mwenye hasira. Deewaar ya mwaka 1975 iliwaweka Amitabh Bachchan na Shashi Kapoor pande mbili za sheria: mmoja mhalifu, mwingine polisi, katikati mama. Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977 ilichekesha zaidi. Ndugu watatu wanapotezana utotoni. Mmoja analelewa na Mhindu, mwingine na Mwislamu, wa tatu na padri. Wote watatu wanatoa damu kwa wakati mmoja kumwokoa mwanamke ambaye hawajui kwamba ndiye mama yao. Daktari yeyote angecheka. Lakini mpeleke mtu wa Hanga aitazame. Kwetu kuna monasteri ya Wabenedikto, kengele inasikika asubuhi, na Waislamu ni wengi katika nchi ya Wandendeule. Nyumba yenye Akbar na Anthony ndani yake si hekaya; ni nyumba ya jirani. Mwezi wa Ramadhani wanakula futari kwa mmoja, na Krismasi wanakula pilau kwa mwingine.

Lakini majumba makubwa ya Dar es Salaam hayakutufikia sisi. Kilichotufikia ni mkanda wa video. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na hata baada ya hapo kijiji kisicho na umeme kiliendelea kuisikia kama habari za mbali. Biashara ilipofunguliwa, zikaingia deki za video, jenereta na vibanda. Mijini waliviita vibanda umiza, na jina hilo likatembea mpaka kwetu. Chumba cha tofali za kuchoma, mabenchi ya mbao, gunia jeusi dirishani, runinga juu ya meza. Mlangoni kijana anakusanya shilingi hamsini. Nje jenereta inanguruma, na mafuta yakipungua, picha linaanza kucheza kwa kusinyaa, mpaka stelingi anakuwa mwembamba kama fimbo.

Ndani ya kibanda ndimo alimokuwa mfasiri. Dar es Salaam kazi hiyo ilikuwa na bingwa wake, Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyezungumza Kiswahili juu ya filamu za kigeni, akieleza, akitania na kuongeza chumvi yake mwenyewe. Mikanda ya namna hiyo ilisambaa nchi nzima. Ule usiotafsiriwa, kijana wa kibanda aliutafsiri mwenyewe kwa kubahatisha, akisimama kando ya runinga. Hakujua Kihindi. Alijua familia, na ilitosha.

Ilitosha kwa sababu familia ya Kihindi inatamkika kwa Kiswahili bila kuvunjika. Kihindi kina neno la kaka mkubwa wa baba na neno jingine la mdogo wake. Nasi tuna baba mkubwa na baba mdogo. Mke wa kaka ana jina lake na heshima yake. Nasi tuna shemeji na wifi, kutegemea anayeita ni mwanamume au mwanamke. Wanapoinama kugusa miguu ya wazazi, mtoto wa Kingoni aliyefundishwa kupiga goti anapomsalimu mkubwa hahitaji kuelezwa. Filamu za Marekani zilituonyesha watu wenye jina tu: John, Matrix, Rambo. Filamu za Kihindi zilituonyesha watu wenye cheo cha ndugu. Kijana wa kibanda aliposema, "Huyu sasa anamwambia shemeji yake, usilie, kaka atarudi," alikuwa amemaliza kazi.

Kuna jambo jingine, na hili husemwa kwa sauti ya chini. Mhindi tuliyemjua Songea mjini alikuwa nyuma ya meza ya duka. Tulijua mizani yake na daftari lake. Nyumba yake, juu ya duka au nyuma yake, hatukuijua. Filamu ilitufungulia mlango huo. Tulimwona Mhindi akilia kwa ajili ya mdogo wake, akimwogopa mama, akigombea urithi. Haikuwa picha kamili, maana wenye maduka wa Songea hawakuwa wanaishi ndani ya wimbo. Lakini ilitosha kutuonyesha kwamba ukuta ule ulificha watu wenye matatizo yetu.

Hilo ndilo jibu rahisi. Jibu zito liko katika historia ya hapa penyewe, kwa sababu kisa cha ndugu kuachana kwa ajili ya urithi kilifika Ruvuma miaka mia moja na zaidi kabla ya video.

Wangoni wa Songea wapo Songea kwa sababu ndugu waligombana. Zwangendaba aliwaongoza watu wake kutoka kusini, akavuka mto Zambezi mwaka 1835, siku ambayo jua lilipatwa. Alifariki Ufipa yapata mwaka 1848. Alipozikwa, swali la nani akalie kiti lilishindikana kujibiwa kwa amani. Wanawe, Mpezeni na Mbelwa, walikwenda kila mmoja na watu wake. Leo wajukuu wa mmoja wako Chipata, Zambia, na wa mwingine wako Mzimba, Malawi. Kundi jingine, likiongozwa na Zulu Gama, lilishuka kuelekea huku tunakoita Ungoni. Hakuna Bharata aliyeviweka viatu vya kaka yake juu ya kiti. Kila mmoja alivaa viatu vyake akaondoka. Ukoo uliogawanyika ulizaa nchi tatu.

Kwa hiyo mzee wa Kingoni anapotazama filamu ambayo mdogo anakataa kukalia kiti cha mkubwa, anatazama kitu ambacho historia yake haikumpa. Nadhani ndiyo maana wazee wetu, waliokuwa wakali kwa starehe za vijana, hawakutufukuza kibandani siku za picha za familia. Walikaa benchi la nyuma, mikono juu ya mkongojo, wakatazama mpaka mwisho.

Kisha zikaja siku za manamba. Wakoloni waliifanya Songea kuwa ghala la nguvukazi ya mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua, SILABU, na malori yake yalijulikana huku kusini. Kijana aliandikwa, akapewa namba, akawa manamba. Mara nyingi aliyetangulia kuondoka alikuwa yule aliyetakiwa kodi: kaka mkubwa. Mtaalamu wa mambo ya jamii aliyeitwa Philip Gulliver alifika mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuchunguza uhamaji huo, na mwaka 1955 ukachapishwa utafiti wake juu ya Wangoni na Wandendeule. Alichokikuta ni vijiji ambavyo kuondoka kwa wanaume kulikuwa sehemu ya kawaida ya maisha. Waliobaki, na hasa wanawake, walilima.

Wengine walirudi na baiskeli na mablanketi. Wengine walirudi na kikohozi. Wengine hawakurudi. Hanga, kama vijiji vingine vya hapa, ina nyumba ambazo babu yao mkubwa "yuko Tanga", na neno hilo "yuko" hutumika hata kwa mtu ambaye, kwa hesabu ya miaka, hawezi kuwa hai. Katika Kabhi Khushi Kabhie Gham ya mwaka 2001, mdogo anasafiri mpaka London kumtafuta kaka yake aliyefukuzwa nyumbani na kumrudisha kwa baba. Kibandani kwetu watu hawakuiona London. Waliuona mkonge.

Gulliver aliandika kitabu kingine mwaka 1971, juu ya Wandendeule peke yao, na hoja yake ina faida kwetu hapa. Alionyesha kwamba kati yao undugu haukuwa ukoo uliopangwa kama ngazi, mtu akijua nafasi yake tangu kuzaliwa. Undugu ulikuwa lugha ya kuitana kazini. Ukitaka kufyeka msitu, unawaita watu kwa jina la undugu. Wanakuja, mnalima, mnakunywa pombe. Ukigombana na mtu, unawaita tena kwa jina hilohilo wakusimamie. Asiyekuja leo hataitikiwa kesho. Kwa maneno mengine, damu peke yake haikutosha. Ndugu ni yule anayekuja na jembe.

Nimelishika neno hilo kwa sababu linaelekea kwenye shamba letu.

Sisi tulizaliwa saba, wanaume wanne na wanawake watatu, mimi nikiwa wa tano. Baba alikuwa na ekari tisa: sehemu ya mahindi, sehemu ya tumbaku, na kipande cha bondeni cha mpunga. Kaka yetu mkubwa aliondoka akiwa kijana kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Hakuandikwa namba, lakini njia ilikuwa ileile ya manamba. Alituma fedha za ada kila alipoweza, na mimi nilisoma kwa fedha hizo. Dada yetu mkubwa aliolewa kijiji cha jirani, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na watoto wawili. Ndiye aliyelima zile ekari baba alipoanza kuugua. Ndiye aliyempeleka hospitali kwa baiskeli, akisukuma, baba amekaa juu.

Baba alifariki mwaka 2008. Matanga yalipokwisha, baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo chini ya mwembe. Akasema mila inajulikana: kaka mkubwa achukue sehemu kubwa, wadogo zake wa kiume wapate wanaofuata, na mabinti "watakula kwa kaka zao".

Alichokisema baba mdogo hakukitunga. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, Serikali ilitoa Tangazo la Sheria za Mila, Namba 436, ili kuzikusanya na kuzilinganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Tangazo hilo liliwapanga warithi kwa madaraja. Daraja la kwanza ni mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba kubwa. Daraja la pili ni watoto wengine wa kiume. Mabinti wamo katika daraja la tatu, la mwisho na dogo kuliko yote. Mila ambayo zamani ilibadilika kulingana na kikao, na ambayo kwa Wandendeule ilitegemea nani amekuja na jembe, ikawa imepigwa chapa kwenye gazeti la Serikali, na wazee wakaisema kana kwamba imetoka kwa mababu hivyohivyo ilivyo.

Kaka yetu akasimama. Ni mtu wa maneno machache. Akasema yeye ana kibarua mjini, hana haja ya sehemu kubwa. Wadogo zake wa kiume waigawane ekari yote, yeye aachiwe tu mahali pa kujenga na pa kuzikwa. Kikao kikanyamaza. Mama akalia. Shangazi mmoja akapiga vigelegele. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa ameyamaliza mapicha yote ya kibandani, akaninong'oneza: "Huyu ndiye Vivek mwenyewe."

Na kweli alikuwa Vivek. Ningeweza kuishia hapo na kuandika kwamba filamu ya Kihindi ilitufundisha kuachia. Vilio vingekuwa vya haki.

Lakini dada alikuwa hajalia. Aliinuka kutoka kwenye mkeka waliokaa wanawake, akamwambia kaka kwa heshima zote, "Kaka, umewaachia wadogo zako. Asante. Na mimi umeniachia nini?"

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka mingi, na kila nikiitazama tena filamu ile nalisikia. Mgogoro wote wa Hum Saath-Saath Hain unaanza kwa binti. Ni yeye ambaye mumewe amenyang'anywa, yeye ambaye watoto wake hawana mahali. Mama anapopigania mali, anapigania sehemu za wavulana. Baba, ambaye ana kampuni na majumba, hafikirii hata mara moja kumpa binti yake sehemu ya urithi. Kaka wanaachiana mali kwa machozi na nyimbo, na mali inazunguka baina ya mikono yao, kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamume. Sangeeta anasaidiwa pale tu shemeji yake mwenyewe anapotubu. Na wa kulaumiwa kwa yote ni mwanamke, mama wa kambo, na marafiki zake wanawake.

Haikuwa filamu peke yake. Sheria ya Mirathi ya Wahindu ya mwaka 1956 haikumweka binti sawa na kaka zake katika mali ya pamoja ya ukoo. Usawa huo uliingia kwa marekebisho ya mwaka 2005, miaka sita baada ya filamu kutoka. Watazamaji wa India waliolia ukumbini mwaka 1999 walikuwa wanamlilia kaka mwema ambaye sheria, kwa wakati huo, ilimruhusu asimfikirie dada yake.

Kwetu, sheria ilitangulia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza au kugawa ardhi ni sawa na ya mwanamume. Inasema pia kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Lakini lile Tangazo la mwaka 1963 halikufutwa kwa sababu hiyo. Wajane wawili walilifikisha Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ikakubali kwamba lina ubaguzi, ila ikasita kulifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane hao. Kwa hiyo chini ya mwembe wetu, mwaka 2008, zilikuwepo sheria mbili. Moja ilikuwa kinywani mwa baba mdogo. Nyingine dada alikuwa ameisikia kwenye semina ya siku moja makao makuu ya kata, akaishika kichwani kama mtu anavyoshika akiba.

Aliitaja. Baba mdogo akasema sheria ya semina haijui kaburi la baba. Dada akajibu kwamba kaburi la baba yeye ndiye anayelifagia.

Hatukumaliza siku ile. Ilichukua miezi mitatu. Kaka alirudi kutoka Dar es Salaam mara mbili kwa nauli yake, na safari hiyo si fupi. Mwisho alisema, mbele ya walewale, kwamba kile alichokiachia siku ya kwanza hakukiachia vizuri, kwa sababu aliwarudishia waliokuwa tayari na daraja. Akachukua sehemu yake ya mkubwa, zile ekari tatu alizokuwa amezikataa, akamkabidhi dada. Wawili kati yetu tulimwongezea kipande cha bondeni. Halmashauri ya kijiji ikaandika. Baba mdogo hakuja nyumbani Krismasi mbili. Ya tatu alikuja, akapewa kiti kizuri, akala mpunga wa bondeni, na hakuna aliyemkumbusha umetoka wapi.

Sitaki kudai kwamba nyumba yetu imepona. Kaka mmoja bado husema ile ardhi "imetoka nje", kana kwamba watoto wa dada si wajukuu wa baba. Nikisikia hivyo, namkumbuka Zwangendaba na wanawe, na jinsi neno moja la nani ni wa ndani linavyoweza kuwatembeza watu mpaka Malawi.

Vijana wa leo wa Hanga hutazama kwa simu, na picha za Kihindi zimepata washindani: tamthilia za Kituruki, za Kikorea na za kwetu wenyewe, zote zikiuza machozi ya familia. Wasomi wengine huzicheka filamu hizi kwa wepesi wake. Mimi sizicheki. Filamu nyepesi ilibeba swali zito mpaka kijijini, mahali ambapo gazeti la Serikali halikufika, na ikalibeba kwa lugha ya shemeji na baba mdogo. Iliwafundisha wanaume wengi kwamba kuachia si kushindwa. Hilo ni jambo kubwa katika nchi iliyoanza kwa kugombea kiti.

Ila ilifundisha nusu. Nusu ya pili iliandikwa na mwanamke mmoja wa Hanga kwa swali lake la maneno manne, bila wimbo nyuma yake. Leo ana ekari tatu na nusu, tumbaku ameing'oa, amepanda mahindi na soya. Msimu wa kulima ukifika anatuita kwa jina la undugu, wote sita. Tunaoweza, tunakwenda na majembe.